Masizi ya Taa ya Watu wa Zamani

Jumanne, Jeddah. Joto la maji-maji, shati limeshikana na mgongo.

...na Madam bado anaigeuza ile taa mkononi, anaangalia pale mdomoni pa utambi. Mimi niko mlangoni na ufagio. Hiyo ilikuwa asubuhi. Sai ni mchana na bado naiona mikono yake.

Taa yenyewe ni ndogo, ya udongo, inaenea kwa kiganja. Juu ina msalaba. Ilichimbwa huko mashariki, kwa magofu ya kanisa la watu wa zamani sana waliokuwa wakimwomba Yesu kwa nchi hii hii. Kabla sijaja sikujua kama watu hao walikuwepo.

Madam Huda ndiye mtaalamu wa vitu hivi. Alikuwa anataka masizi ya pale mdomoni, weusi wa moto wao. Anasema kwa hayo masizi angejua walichoma mafuta gani.

Masizi hayapo.

Nimeyaosha mimi.

Ni wiki iliyopita, stoo ya Malaz kule Riyadh. Madam ameenda kuswali adhuhuri, taa iko mezani inangoja kufungwa. Kazi yangu ni kufagia tu. Lakini nyumbani Taveta, kila Jumamosi mimi na mama tulikuwa tunaosha vitu vya kanisa, vinara na vikombe, mpaka ving'ae, kwa sababu kesho ni ibada. Nikaona msalaba, nikaona uchafu. Mkono ukaenda wenyewe. Maji kidogo, na mswaki wangu wa zamani ule wa kusugulia pembe za sakafu. Nisidanganye, nilisikia vizuri moyoni. Miaka miwili sijashika msalaba.

Kijana wa kufunga akaja, akaiviringisha kwa sponji, hata hakuiangalia.

Dereva wetu ni Ami Saidi. Wazee wake walitoka Zanzibar, yeye amezaliwa hapa Jeddah, mtaa wa Ruwais, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Tulileta makasha huku Jeddah pamoja, siku nzima barabarani. Kasha lilikuwa na kamba tu, halina kufuli, na njiani tulisimama mara tatu. Kwa hivyo swali la nani alifungua kasha likamwendea yeye.

Alimjibu Madam kwa Kiarabu, mkono kifuani, kwamba kasha la watu hajafungua hata siku moja. Halafu kwa gari akanigeukia mimi. "Mwanangu, mbona kimya kama paka alokula samaki wa jirani?" Akacheka.

Hajui. Ama anajua, anangoja. Mimi niliangalia viatu.

Baada ya alasiri anaitwa ofisini atie saini karatasi kwamba kasha lilifunguliwa mikononi mwake. Akishatia, halas, vitu vya kale habebi tena. Watampa lori la simenti. Na huyu mtu akipita tuta anapunguza mwendo kama amebeba mtoto mchanga.

Nimechoka, na si mwili peke yake. Nimechoka kuwa mtu wa kuangalia tu. Naogopa kafili, tajiri aliyenileta, naogopa kupokonywa ikama, kibali changu cha kukaa, naogopa hata sauti yangu nikiwa mbele ya watu wa ofisi. Shule niliachia darasa la sita na Kiarabu changu ni cha ufagio. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya maneno matatu: mimi, osha, taa.

Wenzangu chumbani watanicheka. Wengine wanafukuzwa kwa uvivu, mimi nafukuzwa kwa kusafisha sana.

Ule mswaki bado ninao, ulibaki kwa mfuko wa ovaroli. Sikuutumia tena. Nimeutoa sasa hivi nikaushika kwa mwanga wa dirisha, na huko ndani kabisa kwa nywele zake kuna weusi. Nimeufunga na tishu. Labda utamfaa Madam. Labda atanitupia usoni.

Naacha hapa. Ami anapiga honi chini, ameshavaa kanzu yake ya kwendea ofisini. Lazima nifike kwa ile meza kabla hajashika kalamu.