Uji wa Mama Mkwe

Jumanne, Makambako

Uji wa ulezi ndio ulionikera leo. Mama mkwe kapanda basi kutoka Njombe na baridi yote hii, kapakata chupa ya uji aliyoizungushia kitenge, kisa Jumapili tulipomtembelea aliniona nimebakiza ugali nikakimbilia nje kutapika. Kashaamua kwamba nina mimba.

Ile operesheni yangu ya kupunguza mfuko wa chakula na kuunganisha utumbo upya, inayonifanya nishibe kwa vijiko vichache, mimi na mume wangu hatukumwambia. Kilichonitisha ni kwamba huenda amepatia. Daktari alinikataza kubeba mimba mpaka mwili utulie, nami nimeendelea kumeza vidonge vyangu vya uzazi wa mpango nikijua niko salama.

Nikamwacha na uji wake, nikaenda kituo cha afya. Nesi akanipima. Hakuna mimba. Nilikaa pale kwanza, nikapumua.

"Dada, utumbo ukishaunganishwa upya haunyonyi dawa kama zamani," akasema. "Vidonge usivitegemee." Akaniwekea kipandikizi cha kuzuia mimba mkononi, maana hicho hakipitii tumboni.

Nimerudi, Mama akaiona bandeji. Nikamweleza yote. Nilitegemea atanuna. Mjukuu anamtaka, Mungu anajua, na mimi hata sijui lini...

Mama akaondoa bakuli alilonijazia, akatafuta kabatini kikombe cha kahawa, kile kidogo kabisa, akanimiminia nusu.

"Kunywa taratibu, mwanangu. Kwani nani kasema nilimpikia mjukuu? Nimekupikia wewe."

Uongo mtupu. Nimekunywa nikamaliza.