Kozi ya Kunyamaza

Jumatatu, 14 Novemba

Kozi imeanza shuleni: kuwafariji waliofikwa na mafuriko na maporomoko ya ardhi. Mwalimu katoka mjini Quibdó, anaitwa Yamileth. Binti mdogo, buti safi kabisa. Nimejiandikisha wa kwanza. Nani mwingine? Watu wa mto mzima wananiita matangani niwachekeshe watu. Niliwahi kumchekesha maiti — jeneza likatikisika, mashahidi wapo!

Halafu kuna Darlenis, binti wa dada yangu. Mlima ulimfukia mumewe, Wílmar, kwenye machimbo ya dhahabu. Tulimzika juzi. Tangu hapo hasemi wala hali. Maziwa ya kifuani yamekauka, mtoto wake mchanga anakunywa maji ya sukari guru. Dada kasema: kozi yako hiyo imfungue mdomo binti yangu, la sivyo usije tena kula kwangu.

Jumanne, 15 Novemba

Zoezi: mmoja aeleze msiba, mwenzake asikilize. Nikapewa Arnobia, muuza samaki. Kaanza tu, nikamsimulia nilivyomezwa na kambare nikatokea mkiani na kofia yangu kichwani. Darasa hoi! Mwalimu hakucheka. Akauliza Arnobia kasema nini. Sikumbuki.

"Atajulia wapi huyu!" Arnobia akadakia. "Namwambia nyumba imekwenda na maji, yeye ananiletea kambare!"

Kanuni za leo: usimwambie asilie. Usiahidi usichokiweza. Usilete hadithi yako.

Sasa nibaki na nini?

Alhamisi, 17 Novemba

Jana matanga kwa Darlenis. Kanuni nimezivunja. Mimi niketi matangani na pombe ya miwa mkononi, ninyamaze? Wangesema naumwa. Nikatoa ile ya chui na meno ya bandia. Watu walishika mbavu.

Darlenis akageukia ukutani. Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Kicheko kilikuwa kikubwa, hata hivyo.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimemuuliza mwalimu: mtu asiyesema unamfanyaje? Unakaa naye, kasema. Basi? Basi. Unamuuliza anataka nini. Unamsaidia kazi iliyo mbele yake.

"Mzee Nicomedes, hii utaiweza kweli?"

Mzee nani! Nimemwambia nitanyamaza kuliko mtu yeyote aliyewahi kunyamaza mkoa mzima wa Chocó.

Jumatatu, 21 Novemba

Leo usiku wa tisa wa matanga, wa mwisho. Madhabahu tuliyomwekea Wílmar nyumbani inavunjwa, marehemu anaagwa, na mjane ndiye wa kumwambia nenda. Asipotamka, wanasema roho ya Wílmar itabaki humu ndani.

Niko jikoni kwa Darlenis tangu asubuhi. Nilimuuliza: nikae au niende? Hakunifukuza. Nikakaa. Nikamenya ndizi. Baadaye kachukua kisu, kamenya na yeye. Kala kipande cha samaki — kidogo. Naandika magotini ili mkono uwe na kazi, mdomo utulie.

"Mjomba."

"Naam."

"Asubuhi ile aliniaga. Sikumjibu. Nilimnunia kwa sababu ya buti zake, alijaza matope sakafuni."

Ninayo hadithi ya buti. Kali kuliko zote, ina askofu ndani! Iko hapa ulimini.

"Leo huna la kusema, mjomba?"

"Nakusikiliza, mama."

Analia. Sijamwambia asilie. Nje wanawake wameanza kufika na mishumaa. Dada kachungulia mlangoni, nimempungia mkono arudi. Darlenis kafuta uso kwa kanga ya mtoto. Anavuta pumzi. Anasema tena — naweka kalamu