Fizi za Mama na Jua la Uani

Likasi, Jumapili jioni, 1993

Nimekasirika sana. Tangu sisi Wakasai tuanze kufukuzwa na wenyeji wa mji huu, Mama amejifungia ndani, miezi mitatu sasa. Fizi zake zimevimba, zinatoka damu.

Leo muuguzi amekuja kumwangalia. "Mama yako anaota jua?" aliniuliza. "Mwili unatengeneza vitamini D juani. Ikipungua, fizi zinashindwa kupigana na uvimbe. Apige mswaki, akae inje kila siku."

Inje! Huko wanakotuita bilulu, wadudu!

Nilitoa kiti uani, nikamshika mkono.

"Mutoto wangu, watatuona," alisema.

"Waone, Mama."

Alikaa nusu saa, uso juu, macho amefumba. Miye nilisimama langoni na mchi wa kinu.

Hakupita mtu. Nilitamani apite mmoja tu, aseme bilulu.