Vipimo vya Chumbani kwa Mama

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na ulimi wako bado unawatoa jasho majirani. Huku sisi hatujambo. Mkweo anakusalimu sana, na mjukuu wako ameota jino, analitumia kuniuma mimi tu.

Kazini ni yale yale, kutwa tunakodolea macho vipimo vya ardhi kwenye kompyuta. Majuzi mwenzangu, yule tunayemwita Mzee Kijana, alirudi kutoka porini akishangilia kwamba amepata chuma ardhini, tena kingi, kila alipokanyaga kipo. Kumbe alisahau kuvua mkanda wake wenye bizimu kubwa, na kipima sumaku kilikuwa kinausoma huo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nilipokuja likizo ulilalamika kwamba nimekukataza hata kutembea nyumbani kwako mwenyewe, ukasema mwanao amegeuka mganga. Nikakwambia najifunza chombo kipya. Ngoja nikueleze, mama. Ardhi inatuvuta sote, na palipo na uwazi chini inavuta pungufu kidogo mno, kwa kuwa udongo wa kuvuta haupo. Chombo kile kinaiona tofauti hiyo, ila hata kishindo cha miguu yako kinakivuruga. Halafu vipimo vinakuja vimechanganyika, vya juu na vya chini. Ili kuvitenganisha tunavipitishia viwimbi vya kihesabu, kama wewe unavyobadilisha chekecheo la unga. Viwimbi vipana vinanasa vilivyo mbali chini. Vyembamba vinanasa vilivyo karibu na nyayo zetu.

Sasa kaa kitako. Sikuja kujifunza chombo. Nilikuja kwa sababu ya ule ufa wa chumbani kwako, ambao fundi anauziba na unafunguka tena, nawe unasema nyumba nayo inazeeka kama mwenyewe. Chini ya kitanda chako mvutano ulishuka. Nikamwomba Mungu liwe tangi la chuma lililofukiwa zamani, lenye kuta zake imara, lakini kipima sumaku kilikaa kimya. Nikapitisha viwimbi vipana, nikaona kidogo sana. Nikapitisha vyembamba, shimo likajitokeza lote. Kutoka sakafuni hadi kwenye uwazi wake ni kama urefu wa mlango tu.

Sikujiamini, maana nilikuwa nakokotoa huku nalia. Nikampa Mzee Kijana namba zile bila kumwambia ni za wapi. Alizifanya upya mwenyewe, kisha akaja mezani kwangu akaniuliza kama ndani ya nyumba hiyo kuna mtu analala. Nikainamisha kichwa mezani, akaelewa, akavuta kiti akakaa nami.

Najua ulivyosema siku tulipomzika baba, kwamba katika nyumba ile utatoka ukiwa umebebwa. Alikufia mikononi mwako katika chumba hicho hicho, na mpaka leo upande wake wa kitanda huulalii. Sikuombi umsahau. Mimi mwenyewe nikifika hapo bado natafuta viatu vyake mlangoni. Lakini naogopa, mama, naogopa kama mtoto mdogo. Nilitaka kupiga simu, nikajua utanikatiza, utacheka, kisha utakwenda kulala palepale.

Kwa hiyo dereva aliyekupa bahasha hii hakuja kuleta barua. Amekuja kukuchukua. Nimemwambia asiondoke bila wewe, hata ukimpa maneno yako yote. Mwambie na jirani wa upande wa chumbani awaondoe watoto pale mpaka wenzangu waje kuweka uzio.

Msalimie sana jirani huyo, na wote wanaoniulizia. Nakuomba usiingie tena chumbani, hata kwa ajili ya picha ya baba iliyo ukutani. Nakala yake ninayo, na nimeshaitundika juu ya kitanda nilichokutandikia hapa kwangu.

Nakungoja,
Kitindamimba wako