Miche Kumi na Minne ya Mpichi

Tasker Hill, Vermont
9 Juni 2025

Binti yangu Roslyn,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka sabini na minne. Natumaini huko Tucson bado hamjaungua. Hapa sweta tumevua juzi tu, na mbu wamefika kabla ya jua.

Najua utasema, "Baba, si ungepiga simu?" Maneno ya simu hayana ushahidi. Jambo hili nataka unijibu kwa mkono wako, na barua niiweke.

Mipichi imekufa. Tangu mwezi uliopita nimepata barua kumi na nne, watu kumi na wanne, wote wimbo mmoja: "Bwana Tasker, mche niliopanda mwaka jana haukutoa hata jani." Kumi na mmoja kati yao ni wa Sable Notch, majirani wa chama kimoja cha bustani. Watatu wametawanyika huku na huku. Roslyn, miaka arobaini nauza miche kwa posta, na kila karatasi yangu ya bei ina maneno yale yale juu: siuzi mti pahali utakapokufa. Zamani mteja akiandika, nilikuwa naangalia anakaa wapi, naifuata ramani ya kanda za baridi pale ghalani, namwambia ukweli: wewe uko ukanda wa nne, baridi ni kali, mpichi utakufa, chukua tufaha. Wewe uko wa tano, haya, mpichi huo. Mchezo wenyewe ndio huo, wala hauna siri.

Kisha ukaja na ukurasa wako wa mtandaoni. Mteja anaandika namba yake ya posta, ukurasa unamuuliza huyo API wako, sijui mtoto wa nani na anakaa wapi, naye anarudisha ukanda. Nilikubali kwa sababu ni wewe. Sasa nieleze. Sable Notch nimewinda kulungu tangu ujana wangu. Ni ukanda wa nne, tena wa nne wenyewe wa kung'oa masikio. Nani aliwaambia wale watu kwamba wako ukanda wa tano?

Mwanasheria alikuwa ameshaandika karatasi za kukuachia kitalu. Nimemwambia azirudishe kabatini kwanza. Sikufichi.

Baba yako


Tucson
21 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Barua nimeipata, na nashukuru kusikia goti ni la kushoto tu. Mimi sijambo, joto ndilo halijambo zaidi yangu. Pole sana kwa habari ya miche. Nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu.

API si mtu, Baba, na hana mama. Ni mlango tu. Ukurasa wetu unabisha hodi kwenye kompyuta ya mbali, unasema, "Namba ya posta ni hii, ukanda wake ni upi?" na kompyuta inajibu. Nimeuliza tena namba ya Sable Notch, mara sita, kwa mkono wangu. Mara zote jibu ni ukanda wa tano. Sable Notch sikuigusa. Naapa kwa kaburi la Mama.

Na mimi nina swali, usikasirike. Lebo unaandika mwenyewe bado? Nilipokuja Novemba iliyopita, Sikukuu ya Shukrani, ulinionyesha mpea, ukaniambia ni mplamu, na nilipocheka ukanuna mpaka kahawa. Yawezekana miche iliyokwenda Sable Notch haikuwa ile uliyodhani? Macho hayana adabu, Baba, humkimbia hata mwenye shamba.

Nijibu taratibu. Hizo karatasi za mwanasheria sizililii, ila kuwekwa kabatini kwa kushukiwa, hilo limeniuma.

Binti yako,
Roslyn


Tasker Hill
5 Julai 2025

Roslyn,

Salamu. Mzima mimi. Macho pia mazima, asante kwa kuuliza.

Jumatano amekuja Verna Stoddard na pai ya stroberi. Jirani huyu hajaniletea hata kipande cha mkate tangu matanga ya mama yako, leo pai nzima! Kala kidogo, kasifu hewa, kisha kaomba "kutembea tembea" kitaluni. Nikamwacha. Nikajifanya nakata nyasi. Mwanamke anainama kwenye kila mstari, anasoma lebo, anaandika kwenye karatasi aliyoificha chini ya kitambaa cha pai! Nikamwendea, nikamwambia, "Verna, umepata makosa mangapi?" Kawa mwekundu kama hizo stroberi zake. "Roslyn aliniomba tu, Orrin, kwa nia njema." Makosa ni mangapi? Hakuna hata moja. Mwulize.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wenye akili. Mimi nakuuliza jambo usoni, wewe unanitumia mpelelezi mwenye pai. Mtu asiye na la kuficha hatafuti la mwenzake.

Funga huo ukurasa. Leo. Anayetaka mti aniandikie, nami nitamwambia kwa mdomo wangu.

Baba


Tucson
19 Julai 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Ukurasa nimeufunga.

Verna nilimtuma, ni kweli, na nimekosa. Niliogopa, Baba. Niliogopa akili yako imeanza kuchoka na wewe hutasema. Lakini unaponiandikia "la kuficha," unamwandikia mwanao au mwizi? Niambie wazi ili nijue nijibu nikiwa nani.

Roslyn


Tucson
18 Desemba 2025

Shikamoo Baba,

Miezi mitano. Simu hupokei, na Verna hathubutu tena kukanyaga kwako. Kaniambia moshi unatoka kwenye bomba kila asubuhi, basi nikajua u hai.

Nakutumia soksi za sufu. Sina jipya la kusema kuhusu miche. Heri ya Krismasi.

Binti yako


Tasker Hill
6 Machi 2026

Binti yangu Roslyn,

Salamu nyingi sana. U mzima? Soksi nimezivaa, zinawasha, lakini zina joto. Utomvu wa miti ya maple, ule tunaochemshia sharubati, umeanza kutoka wiki hii, na barabara imegeuka uji.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Basi nisikilize nikiwa nimechutama.

Jumanne ilikuwa siku ya mikutano ya miji, ile ya kila mwaka wakazi hukutana na kupiga kura. Wa mji wetu niliususia. Nikapanda gari hadi Sable Notch, maana nilijua siku ile mji wote utakuwa ukumbini mwa shule, na walionilalamikia nitawakuta pamoja kama kuku bandani. Nikakaa nyuma na kusubiri. Wamegombana saa nzima juu ya gari la kusukuma theluji. Walipofika mambo mengineyo nikanyoosha mkono. Mwenyekiti kasema, "Wewe si wa hapa, huna ruhusa ya kusema mpaka ukumbi ukubali." Bibi mmoja kapaza sauti, "Huyo si ndiye wa mipichi iliyokufa? Mpeni nafasi tumchune!" Wakapiga kura kwa mikono, nikapita. Mwingine akadakia, "Dakika mbili tu, supu inapoa!"

Nikawaambia, "Aliyenunua mpichi kwangu, asimame." Wakasimama kumi na mmoja. Nikamwuliza wa kwanza, "Nyumba yako iko wapi?" Juu mlimani. Wa pili? Juu. Wote juu, kule kulungu walikokuwa wakinipa shida. Nikauliza, "Na barua mnachukulia wapi?" Wakacheka wote. Yule bibi kasema, "Babu, posta yetu ya juu walishafunga tangu nikiwa na meno. Sisi barua zetu ziko chini, ziwani."

Roslyn, nilikaa kwenye kiti bila kuombwa. Namba yao ni ya posta ya ziwani, na kule ziwa linashika joto, mpichi unakubali. Juu ni maili saba za kupanda, na ni nchi nyingine. API wako hakudanganya. Aliulizwa posta, akajibu posta. Mti hakuna aliyemwuliza. Miaka arobaini nafunga miche na kubandika namba hizo, na mimi mwenyewe sikuwaza kwamba namba ni ya njia ya barua, si ya shamba la mtu.

Nimewaahidi wote kumi na mmoja matufaha mwezi wa nne. Wamenipa supu. Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwongo kwa jambo ambalo hukulifanya.

Baba yako


Tucson
15 Machi 2026

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikalia hapo hapo, na jirani akadhani nimefiwa. Natumaini goti halikuugua kwa safari ile. Nimekusamehe kabla hujaomba.

Ningeweza kuishia hapa. Nimeandika barua mbili zilizoishia hapa, nikazichana.

Waliokuandikia walikuwa kumi na wanne. Umewapata kumi na mmoja. Wale watatu ni wangu.

Unakumbuka Machi ya mwaka juzi, uliponiambia kwenye simu kwamba mipichi sitini imebaki ghalani na hakuna anayeitaka, kwamba ukifika Mei utaichoma? Ile ndiyo Mama aliipandikiza kwa mikono yake Agosti ya mwisho, amekaa kwenye kiti kwa sababu kusimama alikuwa hawezi tena. Sikuweza, Baba. Nikaingia kwenye ukurasa, kipimo cha mpichi nikakishusha kutoka ukanda wa tano hadi wa nne. Watu walioko ile nusu ya ukanda wa nne yenye joto zaidi wakaanza kuonyeshwa mpichi, "utavumilia." Siku nane sitini yote ikaisha. Nikarudisha kipimo na kufuta alama zangu. Niliamini itavumilia. Nilitaka iamini pamoja nami.

Nilipokuandikia "Sable Notch sikuigusa," nilikuwa nasema kweli ili nifiche uongo, tena nikaapa kwa kaburi lake. Hapo ndipo naona aibu kuliko kote.

Zichane hizo karatasi za mwanasheria kama utaona vyema. Sitakulaumu.

Roslyn


Tasker Hill
24 Machi 2026

Mwanangu Roslyn,

Salamu. Mimi mzima, theluji imeanza kuoza.

Wale watatu niliwajua tangu Juni. Niliangalia ramani ghalani kabla sijakuandikia. Ni Bi Orpha Leland wa Maine, Bwana Dufresne wa kule mpakani, na yule mwalimu wa New Hampshire. Wote wako ukanda wa nne, na posta zao ziko hapo hapo walipo. Nilikuuliza Sable Notch kwa sababu ndiyo niliyoshindwa kuielewa. Ya hao watatu nilikuachia uyaseme mwenyewe, nikangoja. Nimengoja miezi tisa, nikakuchukia kidogo, nikajichukia zaidi. Waandikie kwa mkono, kila mmoja barua yake, uwaambie ulivyofanya. Usiwataje wagonjwa wala marehemu. Kosa tu.

Mwanasheria ametoa karatasi kabatini. Jina lako linabaki.

Lakini umesema lako, na mimi nina langu, nimelikalia miaka miwili. Ile mipichi ya mama yako nisingeichoma. Ningeipanda yote nyuma ya nyumba hata kama ingekufa. Nilisema nitaichoma nikijua utaumia, nikadhani ukiumia utapanda ndege uje. Baada ya matanga ulikuwa hujaja hata mara moja, na mimi kuomba sijui. Badala yake ukapiga simu baada ya siku nane, una furaha, unasema, "Baba, imeisha yote!" Nikasema, vizuri.

Hapa hakuna hata mmoja uliobaki.

Baba yako