Kipimo cha Sweta

Jumanne, Julai 1974

Ningemwomba akae kwanza. Mjinga mimi.

Baba mkwe kifua kinambana tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa, na ukuta wa upande wa upepo bado haujakandikwa. Leo nikaamua kumfumia sweta. Alikuwa amelala, sikutaka kumsumbua, nikachukua kamba nikampima palepale kitandani, kutoka begani hadi kiunoni, nikafunga fundo.

Akafumbua macho. "Mwanangu, siku hizi mnapima watu wakiwa hai?"

Nikaikunja kamba haraka. Kwetu anayepimwa kwa kamba akiwa amelala ni maiti anayekwenda kuchimbiwa kaburi.

"Nisamehe, baba. Ni sweta tu."

"Najua." Akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Kisha akasema taratibu, "Ongeza vidole vinne. Mumeo ni mrefu kuliko mimi."

Nikamwambia asiseme hivyo, sweta ni lake. Nikatoka nje na kamba yangu.

Uzi uliobaki unatosha sweta moja tu. Na vile vidole vinne nilikuwa nimeshaviongeza kabla hajaamka.