Mawimbi Yalikwenda Kulia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekubali ngazi. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa. Umenipigia mara nne sikupokea, kwa sababu jambo hili siliwezi kwa simu.

Najua mwanao yuko hapo kwako, amejifungia chumbani, na umeambiwa alipika matokeo ya utafiti. Nikueleze kazi yenyewe. Kule maabara tuna bomba la kioo lenye gesi, tunaitia umeme mpaka inawaka zambarau. Wasomi wanaiita plazma. Nje tumeizungushia koili, yaani waya wa mizunguko mingi unaokuwa sumaku ukipitishwa umeme. Ukirusha mawimbi ya redio ukingoni mwa gesi ile, hayaingii ndani, yanatambaa pembeni kuelekea upande mmoja tu. Geuza sumaku, nayo yanageukia upande wa pili. Mwanao alikuwa anapima hayo, na shahada yake yote iko hapo.

Kazini tulikubaliana aniite fundi kama wenzake, watu wasije wakasema anabebwa.

Mwezi wa pili koili iliungua. Kawaida yetu ni kufunga utepe mwekundu kwenye waya kabla ya kuufungua. Siku hiyo utepe ulikuwa umeisha, nikajitia najua. Miaka ishirini na mbili, nishindwe kukumbuka nyaya mbili? Nikazirudisha kinyume, na sumaku nayo ikawa kinyume. Mtoto akapima wiki tatu, mawimbi yakaenda kulia, akaandika kulia, ingawa kila mtu alitarajia kushoto. Nilipogundua nikazigeuza kimyakimya, nikisema nitamweleza kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Profesa anayemsimamia akarudia kipimo mwenyewe, akakuta kushoto. Akamwambia mbele ya wote kwamba namba zake ni za kutunga. Yeye akajibu kwamba aliandika alichokiona. Profesa akaniuliza kama kuna mtu aliyegusa mtambo. Nikasema hakuna.

Dada, mwanao aliniangalia, akaniita mjomba. Mara ya kwanza mle ndani. Nami nikainama, nikaendelea kufuta bisibisi.

Leo asubuhi nimempelekea profesa maelezo yenye sahihi yangu. Amesema atalisafisha jina la mtoto, lakini nafasi yake ameshapewa mwingine hadi mwakani. Mimi niache funguo mapokezi. Nimeziacha.

Tafadhali msomee barua hii mlangoni, hata asipofungua. Mwambie mawimbi yalikwenda kulia.

Wasalimie wote. Yeye mwambie anasalimiwa na fundi. Lile jina jingine nimelipoteza mwenyewe.

Ni mimi,
mdogo wako.